Utafiti wa sera za elimu mijini na hii maneno ya PPP (ushirikiano wa serikali na sekta binafsi): mtu anaeza kula nayo akiwa Kisumu?

Mwalimu_Nyalenda

Wadau habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hii kitu imekaa kichwani hadi inanikosesha usingizi. Mimi nimefundisha shule moja ya APBET hapa Nyalenda, zile za mabati ambazo mwenyewe ni mtu binafsi, halafu nikafanya masta ya upangaji wa elimu pale Maseno, na thesis yangu ilikuwa juu ya kwa nini mzazi analipa hamsini hamsini kila siku kwa shule yetu na kuna shule ya umma karibu tu ambayo kwa karatasi ni bure. Nasema kwa karatasi kwa sababu mnajua kuna pesa ya mtihani, ya mlinzi, ya uji, na sai mgao wa serikali kwa mtoto wa primary ni 1,420 kwa mwaka mzima, na hata hiyo yenyewe inakuja ikiwa imechelewa.

Sasa ninataka kuendelea na PhD, niwe mtafiti kabisa wa sera za elimu ya mijini, hasa ushirikiano wa serikali na sekta binafsi. Lakini kuna kampuni moja inayoendesha shule (sitaitaja) imeniita nifanye tathmini ya shule zao. Pesa ni nzuri kuliko kitu chochote nimewahi kushika. Shida ni kwamba kuna mkataba wa usiri, data ni yao, ripoti ni yao, na mimi siwezi kuandika neno lolote popote bila ruhusa yao. Supavaiza wangu wa zamani ananiambia niwe mwangalifu, mume wangu ananiuliza kwani uangalifu unalipa karo ya nani.

Kwa hivyo maswali: hii fildi ina kazi kweli ama ni ya kukaa na vyeti? Nikikula pesa ya hawa watu nitakuwa nimejichafua? Na yule hana dona, yaani mfadhili, anafanyaje utafiti?

Kondele_Kabisa

Chukua pesa mwalimu. Utafiti wa watoto wa maskini umefanywa hadi maskini wamezoea kuhojiwa, na bado madarasa ni yale yale. Hiyo ndio maoni yangu, sina mengine.

Rhonda_Boy

Mimi niko Nakuru na nimekula hii kazi kutoka chini, yaani kuhoji watu na kibao mkononi nyumba kwa nyumba, Rhonda, Kaptembwo, Bondeni, kwa hivyo wacha nijibu hilo la kazi ipo ama haipo.

Kazi ilikuwepo sana. Kuna wakati Nakuru na Kisumu tulikuwa kama shamba la majaribio la nchi nzima, ule mradi wa PRIMR wa kusoma na hesabu ulikuwa Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kisumu, na uliingia shule za umma na pia hizi za APBET, ndio baadaye ukazaa Tusome, mradi wa kusoma wa nchi nzima, kuanzia 2015. APHRC, kile kituo cha utafiti cha Nairobi, nao walikuwa wameanza kufuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi, kutoka 2005, wakiuliza swali karibu sawa na lako, kwamba serikali imefanya primary bure 2003, watoto wamejaa kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, sasa kwani mzazi wa mtaa wa mabanda bado anaenda kulipa wapi na kwa nini. Hizo ndio zilikuwa zinatulisha, mtu anatoka mradi huu anaingia ule.

Halafu 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa na hapo ndio watu wengi walijua mshahara wao ulikuwa unatoka wapi. Wasee wangu wako bodaboda sai na vyeti vya kusimamia fildi viko kwa droo. Kwa hivyo kazi ipo lakini sio ile ya kusubiri tangazo, inabidi uwe na swali lako ambalo watu wanalihitaji hata kama dona hayuko.

Kuhusu kufanya bila dona, si ghali vile watu hudhani kama wewe mwenyewe ndiye unayehoji. Unapitisha pendekezo kwa kamati ya maadili ya chuo, ukishapata unaomba kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti, kwa mtandao, halafu kuna ile safari ya kupeleka barua kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, usiruke hata mmoja. Mwalimu mkuu akikuona huna muhuri wa ofisi ya elimu atakukaribisha chai na hatakuambia kitu. Na ukienda shule za APBET jua nusu yao wanadhani umetumwa kuwafunga, hasa tangu ile shule ya Dagoretti iporomoke Septemba 2019 watoto 8 wakafa, baada ya hapo kila mtu na faili alionekana kama mpelelezi. Anza na wazazi, shule baadaye.

Ja_Seme_Ughaibuni

Nyar ber, nakusalimu kutoka baridi huku. Mimi nasoma PhD ya sera za elimu Marekani na nimeona vile hii kitu inatengeneza watu na kuwaharibu, wacha nikueleze kidogo kwa sababu huko nyumbani tunaletewa PPP kama dawa mpya na huku wameinywa zaidi ya miaka thelathini.

Milwaukee walianza vocha 1990, mzazi maskini anapewa pesa ya serikali anaenda nayo shule ya binafsi. Mwaka uliofuata Minnesota wakapitisha sheria ya kwanza ya shule za chata, hizi ni za umma kwa pesa lakini anaziendesha mtu mwingine kwa mkataba. Philadelphia 2002 wakachukua shule 20 wakapatia kampuni moja ya faida inaitwa Edison iziendeshe, na shirika la utafiti la RAND walipokuja kuangalia 2007 hawakuona shule zilizopewa waendeshaji wa binafsi zikipanda kwa jumla kuliko zile zilizobaki. New Orleans baada ya mafuriko ya Katrina 2005 karibu mji wote ukageuka chata. Chicago 2013 wakafunga kama shule 50 kwa mpigo, na nyingi zilikuwa mitaa ya Wamarekani weusi.

Sasa angalia watafiti. New Orleans hiyo hiyo, Douglas Harris na wenzake wa Tulane walipima mtihani wakaona alama zimepanda, na walipima vizuri, huwezi kuwacheka. Mwingine akaenda akauliza maelfu ya walimu waliofutwa, wengi wao weusi, walienda wapi, na mzazi ambaye shule yake imefungwa anampigia nani kura ili ifunguliwe. Wote wako sawa lakini ukisoma huyu peke yake unatoka na mji mmoja, ukisoma yule unatoka na mwingine. Na mara nyingi, kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, ukijua nani alilipia utafiti unaeza kukisia swali litakuwa gani. Matokeo yanaeza kuwa ya kweli kabisa, swali ndilo linanunuliwa. Kwa hivyo usiogope pesa ya kampuni kwa sababu watakulazimisha udanganye, wachache sana hufanya hivyo. Ogopa kwa sababu watakuchagulia cha kuuliza, utazoea, na baada ya miaka kumi wewe ndiye mtaalamu wa kujibu maswali yao.

Mfano wa kazi ambayo mimi naipenda ni ile ya Liberia. Serikali 2016 ilipatia waendeshaji 8 shule 93 za umma, na kuna watafiti, Mauricio Romero, Justin Sandefur na Wayne Sandholtz, wakapanga kwa kura ni shule gani ziingie na zipi zibaki. Mwaka wa kwanza watoto wa hizo shule walijifunza zaidi, hiyo wakasema wazi. Halafu kwa karatasi hiyo hiyo wakasema gharama ilikuwa juu sana, na mkataba uliruhusu mwendeshaji mkubwa kuondoa watoto waliozidi darasani na kusukuma walimu asiowataka kwa shule zingine za serikali. Hakuna upande ulifurahi, na hiyo kwangu ni dalili nzuri. Lakini waliweza kwa sababu haki ya kuchapisha ilikuwa yao.

Kwa hivyo dada, ukienda kwa hao wa kampuni usiongee pesa kwanza. Ongea kifungu cha kuchapisha. Waambie wapate muda wa kusoma na kutoa maoni, hata kuficha majina ya shule, lakini wasiwe na uwezo wa kuzuia. Wakikataa kabisa kazi yenyewe sio utafiti, ni ushauri wa biashara, na si dhambi kuifanya lakini usiiweke kwa CV chini ya utafiti.

Kondele_Kabisa

Huyu wa ughaibuni anakula stipendi ya Marekani anaambia mtu wa Nyalenda akatae pesa 😂

Ja_Seme_Ughaibuni

Sijasema akatae. Soma tena omera.

Mzee_wa_Kaimosi

Mwalimu, binti yangu, mimi ni mkaguzi mstaafu, siku hizi wanaitwa maafisa wa ubora. Nimewasoma hawa vijana na wamesema vizuri ila wanaongea kana kwamba ushirikiano wa serikali na binafsi umekuja na ndege kutoka Washington.

Huku kwetu serikali ndiyo iliingia katikati, ilikuta wenyewe. Kaimosi, wamishenari wa Marafiki (Quaker) walifika 1902. Maseno, wamishenari wa CMS walifungua 1906. Baada ya uhuru shule nyingi za kanisa zikawa za umma, lakini kanisa halikutoka, likabaki sponsa, na hadi Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 sponsa anatambuliwa. Nenda shule yoyote ya zamani Vihiga au Siaya uulize ardhi ni ya nani, mwalimu mkuu akiletwa ambaye sio wa dhehebu ni nani anafunga geti. Hiyo ni PPP, tena yenye damu wakati mwingine, na nimeingia mikutano ya hiyo mambo ambayo tulitoka na polisi. Halafu harambee. Mnaona chuo kikuu cha MMUST cha Kakamega leo, ile ilizaliwa kama WECO, chuo cha watu wa Western wenyewe mwaka wa 1972, watu walichanga kuku na magunia ya mahindi. Mzazi alijenga darasa, serikali ikaleta mwalimu. Hakuna aliyeita hiyo mfumo wa kimataifa.

Sasa ukitaka kufanya hii kazi ya utafiti usianze na neno PPP kwa sababu litakupotosha. Ukienda na sheria ya PPP ya 2021 ukitafuta elimu utakuta ni mambo ya barabara, umeme, na hosteli za vyuo vikuu, shule yako ya mabati ya Nyalenda haimo. Ushirikiano wa kweli wa mijini uko kwa makaratasi mengine: usajili wa APBET, hati ya ardhi, barua ya sponsa, tenda ya kaunti ya kujenga madarasa ya chekechea (ECDE). Uliza vitu vinne tu, nani mwenye ardhi, nani anaajiri, nani analipa, na mtoto akiumia nani anashtakiwa. Ukishajua hivyo kwa shule moja unajua sera kuliko mtu amesoma ripoti kumi.

Na kitu kingine ambacho watafiti wa Nairobi hawatumii. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini ni kazi ya kaunti tangu katiba ya 2010. Mkataba wa kaunti ni mali ya umma. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaandika barua ya kuomba nakala, ofisi ina siku 21 za kukujibu, wakikunyamazia unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua haina bei. Mimi nikiwa ofisini ndiyo barua tulikuwa tunaiogopa zaidi kuliko mwandishi wa habari.

Mwalimu_Nyalenda

Mzee wangu, asante sana, Mungu akuweke. Hayo maswali manne nimeyaandika kwa daftari. Lakini naomba niulize, PhD inataka mada nyembamba na mimi kila nikikaa chini naandika "PPP katika elimu ya mijini nchini Kenya" nahisi kama nimeandika hewa. Kuna mtu ako na wazo la kukata hii kitu iwe ndogo?

Ofisi_ya_Ghorofa_ya_Pili

Nafundisha chuo kimoja huku magharibi, sitasema gani. Kwanza kuhusu ajira usidanganywe, nafasi za uhadhiri wa kudumu ni chache, wengi tunaanza kwa mikataba ya muda na malipo yanakuja yakitaka, na migomo mnaisoma kwa magazeti. Mtu akifanya PhD kwa ajili ya mshahara wa chuo peke yake ninamhurumia. Waliofaulu miongoni mwa wanafunzi wangu ni wale wana miguu miwili, mmoja chuo na mwingine kwa kaunti, kwa mashirika ama kwa vyama vya shule zenyewe.

Sasa mada. Mimi ningekuwa wewe ningepanda matatu niende Busia.

Sikiza kwa nini. Uganda kutoka 2007 serikali ilikuwa inalipia wanafunzi wa sekondari kwenye shule za binafsi, shilingi 47,000 za Uganda kwa mwanafunzi kila muhula, ile mpango wao wa sekondari kwa wote, na kuanzia 2018 wakaanza kuuondoa polepole. Upande wetu, Busia hiyo hiyo ya Kenya, mambo yalienda mahakamani: bodi ya elimu ya kaunti ilitaka shule za Bridge International Academies zifungwe kwa kukosa kufikia masharti, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikakubaliana na bodi. Huku Nairobi na Washington hadithi ikaendelea, IFC ya Benki ya Dunia waliokuwa wamewekeza kwa hiyo kampuni wakatoka 2022. Lakini angalia mpaka. Mji mmoja jina moja, familia moja ina shangazi huku na mjomba kule, lori zinapanga foleni katikati, na serikali mbili zimemwambia mwenye shule ya binafsi vitu viwili tofauti kabisa. Mmoja anamwambia chukua pesa uwafundishe watoto wetu, mwingine anamwambia jiandikishe ama ufunge. Najua moja ni sekondari na nyingine ni primary, hiyo utaishughulikia kwa njia za utafiti na mtahini wako wa nje atakuuliza tu, lakini swali ni zuri: mwenye shule alifanya nini? Alihama? Alivuka? Mzazi je, na pesa ya Uganda ilipokauka watoto walienda wapi?

Kuna jambo la ndani zaidi. Kwetu pesa ya serikali inafuata shule ya umma, haifuati mtoto. 1,420 ya primary, 15,042 ya junia (Gredi ya 7 hadi 9), 22,244 ya sekondari, mtoto akitoka shule ya umma Jumatatu akaingia kwa jirani mwenye mabati, hiyo pesa haitembei naye. Vocha za Milwaukee na zile 47,000 za Uganda zilijaribu kufanya itembee. Nusu ya ugomvi wote wa PPP duniani uko hapo, na nusu nyingine ni nani anakagua. Na tangu Gredi ya 7 ianze Januari 2023 ikakaribishwa ndani ya primary, shule ndogo za APBET zimebanwa zaidi kwa sababu zinatakiwa maabara na walimu ambao hawapatikani kwa karo ya hamsini kwa siku. Hiyo unaeza fanya hapo hapo Kisumu, Manyatta, Obunga, Bandani, kama Busia ni mbali.

Soma pia pande mbili bila kununa. Kuna James Tooley aliyekuja Kibera baada ya 2003 na kusema maskini wanachagua shule za binafsi na wanajua wanachofanya. Kuna Prachi Srivastava aliyeanza kuzichunguza India na ndiye aliyezipa hizi shule za ada ndogo jina ambalo fildi yote inatumia, na yeye ni mgumu zaidi kuridhika. Kuna Harry Patrinos na wenzake wa Benki ya Dunia 2009 wakiunga mkono mikataba. Kuna Kanuni za Abidjan za Februari 2019 zinazosema serikali haiwezi kujivua jukumu. Mwanafunzi akinijia amesoma upande mmoja tu ninamrudisha.

Mwalimu_Nyalenda

Daktari ubarikiwe, hii ya Busia imeniamsha kabisa. Thesis yangu ya masta ilikuwa na mama mmoja ambaye mtoto wake mkubwa alikuwa anasoma Tororo kwa dada yake na sikuwahi kufuatilia kwa nini.

Nimewapigia watu wa kampuni jana nikawauliza hiyo ya kuchapisha vile ndugu wa ughaibuni alisema. Yule meneja alinyamaza kidogo akasema atauliza. Leo amenitumia kwamba wanakubali nichapishe baada ya miezi sita na majina ya shule yafichwe, lakini maswali ya ada na ya mishahara ya walimu yatoke kwa tathmini kabisa.

Ja_Seme_Ughaibuni

Si nilikuambia. Swali.

Kondele_Kabisa

Aki sasa hata mimi nimeshtuka. Ada na mishahara ndio shule yenyewe, kingine ni rangi ya ukuta. Lakini bado chukua, fanya hiyo ya kwao, lipa karo ya PhD nayo, halafu ada na mishahara uende ufanye kivyako kwa shule zingine ambazo si zao.

Ofisi_ya_Ghorofa_ya_Pili

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kondele. Ila iandikwe kwa mkataba kwamba hukatazwi kutafiti ada na mishahara kwingine, na uitaje hiyo kazi yao kwa kila karatasi utakayoandika maisha yako yote, mstari mmoja tu, nani alikulipa na mwaka gani. Ukiificha mtu ataipata, na siku hiyo hakuna atakayesoma matokeo yako.

Mzee_wa_Kaimosi

Na barua ya kaunti uandike kabla hujasaini chochote, binti yangu. Wakijua uko kwa kampuni wataanza kukuzungusha.

Rhonda_Boy

Mwalimu ukifika hatua ya Busia nishtue kwa inboksi. Nina vijana wawili niliofanya nao kazi, mmoja anaongea Kisamia na mwingine Kiteso, wote wako hapo karibu na mpaka na sai hawana kazi. Usipeleke mtu wa Kisumu kuhoji mama wa Amukura kwa Kiswahili cha ofisi, atajibiwa ndio kwa kila kitu.